Mvua ya Fisksätra na Sanda ya Bibi

Enzi zetu, sisi watoto wa Waswahili tuliolelewa Stockholm, tulikuwa watu wa kuogopa. Wenzangu mliokulia huku miaka ya themanini mtanielewa. Tuliogopa lifti ya jengo letu pale Fisksätra, iliyokuwa ikikwama katikati ya ghorofa ukiwa peke yako. Tuliogopa vyumba vya chini ya ardhi vyenye milango mizito ya chuma, ambavyo mwalimu alituambia ni vya kujifichia siku vita ikija. Tuliogopa hata ratiba ya chumba cha kufulia nguo, maana ukiizidisha zamu yako kwa dakika kumi unakuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa mwandiko mzuri usio na tusi hata moja, na mama anaona haya kuliko kama angetukanwa. Baba alikuwa akisema, "Mwogopeni Mungu, vingine vyote ni viumbe." Nami nilimwogopa Mungu, na viumbe vyake nikaviogopa vilevile.

Baba alitoka Tanga kwenda kusomea mitambo ya simu. Masomo yalipokwisha alipata kazi, akamwita mama, na mimi nikazaliwa huku huku. Siku za kazi alikuwa fundi, Jumapili alikuwa mwalimu wa Kurani. Chini ya jengo letu, jirani na chumba cha kufulia, palikuwa na chumba cha wapangaji wote chenye meza ndefu, ubao, na dirisha pana lililotazama bembea za watoto. Jumapili asubuhi Baba alikichukua chumba kile, na watoto wa Kitanzania na wa Kiganda tukakaa kuizunguka meza tukisoma kwa sauti hadi vioo vikatoa ukungu.

Jumamosi chumba kilikuwa cha Mama Emi. Huyu alikuwa Mjapani, na mlango wake ulitazamana na wetu kwenye ghorofa ya tatu. Mumewe Mswidi alikuwa mtu wa melini, akionekana nyumbani mara mbili kwa mwaka kama Idi. Binti yao Emi alikuwa darasa moja nami na shoga yangu wa chanda na pete. Mama Emi alikuwa na hofu yake pia: kwamba Emi angekua Mswidi mtupu na kuisahau lugha ya bibi zake. Alitaka kuwakusanya watoto wa Kijapani awafundishe, ila pale kwetu Wajapani hawakupatikana. Akatukusanya sisi tuliopatikana. Basi Emi akajifunza Kijapani cha mama yake akiwa amezungukwa na Waswahili.

Kijapani kilitukaa mdomoni, sijui kwa nini Wazungu walihangaika nacho. Tulisema tamago na sakana na yama, yaani yai na samaki na mlima, kana kwamba ni majina ya vijiji vya kwetu. Kabla ya kula tulijifunza kusema neno lao la kushukuru, mikono imeshikamana, na baada yake mimi nikaongeza bismillahi kwa sauti ndogo nisikose upande wowote. Mama Emi alikuwa akitufinyangia wali baridi na kuufunga kwa jani jeusi la baharini. Tangu siku alipoambiwa kwamba hatuli nguruwe, kila kopo alilofungua alitusomea kwanza maandishi yake yote, mstari kwa mstari, hata kama ni kopo la mahindi.

Dada yake alimtumia kwa meli kanda za video na magazeti ya katuni manene kama matofali. Mlikuwamo mashujaa wa chuma na wasichana wenye macho makubwa kama visahani, wakilia machozi ya kujaza beseni. Siku ya kwanza Emi alilifungua gazeti kwa nyuma, kwa kuwa amezoea vitabu vya Kiswidi. Mimi nililifungua upande wa kulia bila kuambiwa, kama ninavyofungua msahafu, na ndio uliokuwa upande wake. Mama Emi alistaajabu. Nilipomsimulia Baba alicheka hadi akavua miwani. Kuna watu walimuuliza kwa nini anamwachia bintiye ajifunze mambo ya Wajapani, akawajibu kwamba tumeambiwa tutafute elimu hata Uchina, na Japani ni mtaa wa pili.

Hata hivyo alituwekea mpaka. Mama Emi alikuwa na jambo la kila msimu. Mwezi wa pili watu wa kwao hurusha soya zilizokaangwa ili kulifukuza zimwi nyumbani, na kila mtu hula punje kwa hesabu ya miaka yake. Baba alisema, "Kuleni, msirushe. Lugha ni ya kila mtu, lakini ibada ya watu waachieni wenyewe." Tukala. Siku ya tano ya Mei ilikuwa sikukuu yao ya watoto, na Mama Emi alipandisha kwenye roshani yake samaki wakubwa wa kitambaa, wanaojaa upepo na kuogelea hewani. Hao hawakumsumbua Baba, alisema samaki ni samaki.

Majira ya baridi ya mwaka ule mama alijifungua mdogo wangu wa kiume, na Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Tanga kumlea mzazi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu kubwa. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, kwa kuwa sote wawili eti tulikuwa wake wa babu. "Mke mwenzangu, niletee chai. Au umeshamtilia babu yako peke yake huko kaburini?" Alikaa mchana kutwa karibu na bomba la kupashia joto, kanga mbili, sweta la Baba juu, tasbihi mkononi.

Lakini usiku aliota vibaya, na mchana akauliza maswali. Muislamu akifa huku anazikwa wapi? Ardhi hii ngumu kama jiwe inachimbwaje? Siku moja Mzee Kasule, Mganda aliyekimbilia Sweden na sasa anaendesha basi, alimjibu bila kufikiri kwamba huku maiti hungojeshwa wiki kadhaa kwenye chumba cha barafu mpaka ipatikane nafasi ya kuzika. Kwetu maiti wa asubuhi huzikwa alasiri. Tangu siku ile kila akipiga chafya alishika kifua.

Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati ambalo mama alinikataza kuligusa. Hakuniambia ndani mna nini, na mtoto wa miaka kumi akikatazwa bila sababu hujitafutia sababu mwenyewe. Mimi niliamini mna halua.

Ndipo ikaja mvua. Mwisho wa Aprili mwaka themanini na sita tulisikia redioni kwamba mtambo wa umeme wa nyuklia umelipuka mbali huko Usovieti, na upepo umeileta sumu yake mpaka kwetu, na mvua inaiteremsha chini. Sumu isiyoonekana, isiyonuka. Redio ilisema hatari si kubwa, kisha ikataja maziwa, ikataja mboga za majani, ikataja ng'ombe wafungiwe ndani. Shuleni mwalimu alituambia tusiogope, na huku anafunga madirisha. Mzee Kasule alikuja kwetu akakaa bila kuvua koti. "Mwalimu," alimwambia Baba, "mimi nilikimbia risasi. Sasa naambiwa nikimbie mvua. Mvua unaikimbilia wapi?" Baba alinyanyuka akazima redio.

Aliyeogopa kuliko wote alikuwa Mama Emi. Alifunga mapazia. Emi hakuruhusiwa hata kutoa mkono nje ya roshani. Ijumaa alituambia kwamba kesho tutatengeneza vijisanamu vya kuzuia mvua, ili sikukuu ya watoto ya Jumatatu tuweze kutoka nje kuwaona samaki, na kila mtoto alete kitambaa cheupe.

Kwetu kitambaa cheupe hakikuwapo. Kulikuwa na mashuka ya maua na nepi za mtoto. Mama alikuwa akinyonyesha, akaniambia nisimsumbue. Bibi alikuwa anaoga. Nikalivuta sanduku la bati.

Halua haikuwamo. Mlikuwa na bafta nyeupe, nyingi, imekunjwa vizuri, na harufu kali iliyonipanda kichwani. Niliona ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Nikachukua mkasi wa jikoni, nikakata kwa ndani, mahali pasipoonekana, kipande cha kadiri ya leso ya mkononi. Nikaikunja kama nilivyoikuta, nikarudisha sanduku. Nilifanya haya yote huku nikisoma Kul huwallahu, maana nilikuwa naogopa.

Jumamosi tulikaa mezani, mvua ikichuruzika dirishani. Kitambaa unakiviringishia bonge la karatasi, unakifunga uzi shingoni, kinatokea kichwa na vazi refu. Uso hauchorwi. Mama Emi alisema uso huchorwa jua likitoka, iwe ndiyo zawadi yake. Alipochukua kipande changu alikiweka puani, akafumba macho. Alisema kinanuka kama kabati la mama yake, alimokuwa akihifadhi nguo za sikukuu zisiliwe na wadudu. Aliniuliza nimekipata wapi. Nikasema nyumbani. Akanishika shavu. Kisha akavitundika vijisanamu vitatu kwa nyuzi juu ya dirisha: changu, cha Emi, na cha binti wa Mzee Kasule.

Jumapili ilikuwa zamu ya Baba. Bibi naye alipenda kushuka nasi kusikiliza, na nilimbebea mto wake. Mzee Kasule alituwahi mlangoni na watoto wake. Akasimama, akatazama dirishani: vitu vitatu vyeupe, havina nyuso, vimening'inia kwa shingo, nyuma yake mvua.

"Mwalimu," akasema, "leo tuna maiti watatu. Tuanze na alifu au tuanze na jeneza?"

Watoto walicheka. Bibi hakucheka. Alitembea taratibu mpaka dirishani, akasimama chini ya kile cha katikati, akainua pua.

"Karafuu maiti," alisema. "Hiki ni kitambaa cha sanda."

Hapo ndipo nilipojua nilichokikata.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza hofu ile. Baba alikuwa akimweleza mama yake kwamba ni michezo ya watoto, ni mila ya Wajapani ya kuzuia mvua, nami nikamsikia Bibi akijibu kwamba mvua huzuiwa na Mungu, na anayetundika sanda shingoni ana mtu anayemtaka. Akamtaja Mama Emi mbele ya wote. Akasema huyu mama ni mchawi. Mzee Kasule akajutia utani wake, akajaribu kuurudisha, lakini utani ukishatoka haurudi. Bibi alipanda juu, akalala, akageukia ukutani.

Kumbe sanda ile aliletewa na shoga yake kutoka Hija, imechovywa maji ya Zamzam, na alisafiri nayo kwa sababu hakutaka kuzikwa ugenini kwa nguo ya kuazima. Haya mama alinieleza usiku ule, nilipomuuliza kwa nini Bibi halii ila anaulizia tu kama sanduku lipo. Hakulifungua. Kwetu sanda haifunguliwi ovyo, watu husema ukiifungua umeiita.

Jumatatu, sikukuu ya watoto, ilinyesha. Samaki wa Mama Emi walilowa wakaning'inia. Emi aligonga mlango wetu, nami nilikuwa nimeamriwa nijibu bila kufungua kwamba siwezi kutoka. Nilisikia viatu vyake vikikaa pale kidogo, kisha vikaondoka.

Bibi aliacha kula. Aliswali kwa kukaa. Baba alimpeleka kwa daktari, wakaambiwa ni shinikizo la damu, apumzike, asiwe na wasiwasi. Yeye akasema daktari atasoma vipi kilichoandikwa na mchawi. Kila asubuhi nilikwenda mlangoni kwake na kusubiri kuona kama kanga inapanda na kushuka kifuani. Nilikuwa na hakika kwamba mimi ndiye ninayemuua. Nimemkatia sanda akiwa hai, nimeitia kitanzi, na Malaika wa Mauti amekuja kumuulizia mwenye sanda. Nikisema, nilifikiri, atakufa papo hapo kwa mshtuko. Nisiposema, atakufa taratibu. Mara mbili nilikwenda kwa mama nikiwa nimefungua kinywa, na mara zote mbili mtoto akalia.

Jumatano shuleni Emi alikuja kukaa nami wakati wa chakula. Alisema mama yake ameviondoa vijisanamu, na anauliza kama kuna jambo ametukosea. Nikamwambia sijui. Nimefanya makosa mengi maishani, na Mungu anayajua, lakini neno lile "sijui" mpaka leo nikilikumbuka naomba msamaha upya. Jioni yake tulisikia kitu kikianguka ndani ya mlango wetu kutoka kwenye tundu la barua. Ulikuwa ufunguo wa chumba cha chini. Haukuwa na barua. Baba aliuokota akaugeuzageuza mkononi. "Ameacha darasa," alimwambia mama. Nikajifungia chooni.

Ijumaa ilikuwa mkesha wa Ramadhani. Kwetu pwani siku ile ni ya kuvunja jungu, watu hula vizuri kabla ya mfungo, na ni siku ya kuombana radhi, maana mtu haingii Ramadhani na haki ya mwenzake shingoni. Mama alipika pilau ambalo halikuwa na mlaji. Baada ya swala ya alasiri Bibi alituita chumbani mmoja mmoja. Baba alipiga magoti kando ya kitanda, akatoka macho mekundu. Mama akaingia na mtoto. Mwisho nikaitwa mimi, nao wakabaki mlangoni.

Alikuwa amepungua. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama karatasi.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "nimekutania sana. Nimekufinya ulipokosea kusoma. Na juzi nimekunyang'anya shoga yako. Nisamehe, kesho si yangu."

Mtu mzima ananiomba radhi mimi, na kilichomlaza pale kimetoka mikononi mwangu. Nikasema, "Bibi, kile kitambaa ni chako. Nilikikata mimi."

Baba na mama hawakuelewa. Bibi alielewa kabla sijamaliza. Akaagiza sanduku. Baba alisita, akamwambia, "Mama, basi." Akasema lileteni. Wakaikunjua bafta juu ya kitanda, mkunjo mmoja baada ya mwingine, harufu ikajaa chumba, mpaka tukafika kwenye tundu. Makali ya mkasi yalikuwa yamekwenda upogo kama njia ya konokono. Bibi alipitisha mkono wake kwenye lile tundu, akavitazama vidole vyake upande wa pili.

"Subhana Llah," alisema. "Mchawi namtafuta kwa Wajapani, kumbe ni mke mwenzangu."

Nilisikia mama akikohoa mlangoni, akizuia kicheko au kilio. Baba hakuwa na mzaha. Alinyoosha mkono kunikamata, Bibi akamzuia.

"Mwache. Yeye amekata kitambaa. Mimi nimekata jina la mtu." Kisha uso wake ukabadilika, na hofu niliyoiona pale ilikuwa nyingine kabisa, si ile ya siku tano zilizopita. "Mwezi ukiandama leo nitafungaje? Nipeni kanga yangu."

Mtu ambaye hakuwa amesimama bila kushikwa tangu Jumapili alisimama. Alinishika bega, tukatoka, tukavuka kile kibaraza cha ngazi, hatua sita, naye akabonyeza kengele mwenyewe. Mama Emi alifungua. Alipomwona Bibi alirudi nyuma kidogo, na nikajua kwamba naye ametuogopa wiki nzima.

Bibi aliongea Kiswahili, mimi nikatia Kiswidi, na pale Kiswidi cha mama yake kilipopungua, Emi akatia Kijapani. "Mwambie nilimdhania ubaya," alisema Bibi. "Sikumwona akitenda, nilidhania tu, nikatamka mbele ya watu. Haki yake iko shingoni mwangu. Anisamehe kabla jua halijazama." Nusu ya maneno yale nilipaswa kuyasema kwa niaba yangu, na niliyasema, nikaongeza kwamba mwizi wa kitambaa ni mimi na kwamba nilimdanganya Emi.

Mama Emi aliinama. Si kwa kichwa tu, aliinama mpaka nywele zikaning'inia. Bibi alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Astaghfirullah, asiniinamie mimi," alisema, na bila kungoja mkalimani akamshika mabega mawili akamwinua. Wakabaki vile, mmoja ameshika mwingine, wote wafupi sawa.

Halafu Mama Emi aliingia ndani, akarudi na kipande changu. Alikuwa amekifua, amekipiga pasi, amekifunga kwa karatasi nyembamba. Hakukichora uso, kwa kuwa jua halikutoka. Akasema yeye ndiye wa kuomba radhi, kwamba alipoisikia ile harufu alipaswa kuuliza zaidi, lakini ilimkumbusha mama yake na akaacha kufikiri. Kisha akasema jambo ambalo Emi alilitia Kiswidi polepole, kana kwamba naye analisikia mara ya kwanza. Bibi yake Emi alipokuwa msichana alitembea kwenye mvua kama hii ya sumu, kwao, wakati wa vita, lile bomu lilipoangushwa. Maisha yake yote hakuisema, ila kila mvua ikianza alimwita bintiye ndani. Ndiyo maana vijisanamu. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie na mimi naogopa," alisema. "Naogopa kufa hapa, kwenye ardhi hii ngumu, nikangojeshwa." Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akisema naogopa. Walikuwa wakituambia sisi tusiogope. Nililitia neno lile Kiswidi kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba chai iliyojaa.

Mama Emi hakumwambia Bibi kwamba hatakufa. Alisema, "Akijisikia vibaya, saa yoyote, mlango huu." Basi.

Baba alimweleza Bibi jioni ile kwamba sanda ni kitambaa tu, na kilichobaki kinatosha na kuzidi. Bibi alikiweka kipande ndani ya mikunjo, akafunga sanduku. Halafu akaomba pilau. Ufunguo Baba aliurudisha kwa mkono wake, na kesho yake, siku ya kwanza ya mfungo, darasa lilikuwapo, Bibi ameketi nyuma na tasbihi yake. Jua la Mei huku halitui mpaka watoto wamelala, na Mama Emi alisubiri nasi jioni nyingi za mwezi ule, wali wake wa mviringo kwenye sahani umefunikwa, akichungulia dirishani kama aliyefunga yeye. Bibi alijifunza kumsalimu kwa Kijapani. Kuinama alikataa. Alirudi Tanga baada ya Idi, na Mungu akamjalia miaka mingi mingine kwenye ardhi laini.

Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa hofu ile. Leo nami nimekuwa bibi, na Jumapili nasomesha watoto Kurani hapa hapa Stockholm. Wajukuu zetu hawamhitaji Mama Emi. Japani yote imo kwenye simu zao. Fulana zao zina wale wasichana wa macho ya visahani, wananisalimu Kijapani wakidhani watanishangaza, nami nikiwajibu wanaitazama simu wakidhani ndiyo iliyosema. Wanajua majina ya mashujaa mia. Jina la jirani wa mlango wa pili hawalijui, na wakimtembelea mwenzao hawabonyezi kengele: husimama nje kwenye baridi, wakaandika "nipo chini", wakangoja.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, niliwaambia waende kuombana radhi na majirani zao. Binti mmoja mwenye adabu aliinua mkono akaniuliza kama ujumbe unatosha. Nilimjibu kwamba unatosha, kwa kuwa Mungu ni mwingi wa rehema, na sikutaka kumvunja moyo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza. Ujumbe ungesomwa, ungejibiwa kwa kimoyo chekundu, na Bibi asingelishika bega la mtu yeyote, na watu wawili wangebaki kila mmoja ndani ya mlango wake, wakiogopa kivyao.